Vitunguu vya Maua vya Nabintu

Nyirangabo alikuwa amelima miaka hamsini katika milima ya Minembwe, na hakuna mtu ambaye angemfundisha habari ya mbegu. Ndiyo maana alipomwona mkamwana wake akifukia vitunguu vya maua mbele ya nyumba yao, hapo North Buffalo, mwezi wa Novemba, theluji ikitarajiwa wiki hiyo hiyo, moyo ulimuuma. Mbegu nono namna ile, zife bure!

Alikuwa na wiki tano tu tangu atoke kambini Burundi, na mwanawe Cyubahiro alishamweleza waziwazi: asipopatana na Nabintu, atampeleka Louisville, kwa dada yake anayeishi mtaa wa Highview. Nyirangabo hakutaka Louisville. Mwanawe huyo hakuwa amemwona kwa miaka kumi na mmoja, na alitaka kuzeekea kwake. Basi alijichunga kila neno. Lakini Nabintu alikuwa mzito wa maneno. Alikuwa Mshi wa Bukavu, kwa hiyo wakwe hao hawakuwa na lugha ya pamoja ila Kiswahili, na hata hicho alikitoa kwa ubahili: chakula kiko tayari, dawa umekunywa, lala salama.

Nabintu alipokwenda zamu yake kiwandani, Tonawanda, bibi yetu alitwaa mwiko, akafukua vitunguu vyote, akavipangusa udongo na kuvitandaza kwenye gazeti karibu na hita. Alijisifu kimoyomoyo. Udongo ukipata joto angevirudisha, na pengine siku hiyo mkamwana angecheka naye.

Jioni Nabintu aliingia na viatu vyake vya kazi, akasimama mlangoni.

"Mama, ni nani alifukula pale inje?"

"Ni miye, mwanangu. Baridi inakuya. Nilisema zitakufa."

Nabintu aliketi sakafuni, akavitazama vitunguu vyake. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha mkwewe.

"Hizi zinaombaka baridi, Mama. Zinalala mu baridi, donc mwezi ya ine, Aprili, zinaamuka. Bila baridi, hazitoe maua."

Kwa hiyo yeye, mkulima wa miaka hamsini, ndiye aliyekuwa akiua mbegu. Nyirangabo aliona aibu hadi masikioni. Safari ya Louisville aliiona imefika.

"Unisamehe. Cyubahiro akirudi nitamuambia miye mwenyewe. Nitaenda kwa binti yangu."

"Haiko juu yako, Mama." Nabintu aliokota kitunguu kimoja. "Huu mwaka, mwezi ya ine, nilizaa mutoto. Alipumua masaa mbili tu. Cyubahiro alikataa tukuambie kwa simu, juu ya presha yako. Bon, nilitaka mwezi ya ine ikirudia, ikuye na kitu."

Kumbe. Ukimya wote ule aliouita kiburi ulikuwa msiba, na yeye alikula na kulala ndani ya msiba huo bila hata kutoa pole. Alimkasirikia mwanawe. Yeye na presha yake hiyo alishazika watoto wawili, na hakuhitaji kufichwa kitu. Akashuka taratibu, magoti yakimlalamikia, akaketi sakafuni karibu na mkamwana.

"Jina yake ni nani?"

Nabintu alimgeukia. Kanisani waliomba, wakaimba, wakaenda zao. Kazini walimpa siku tatu. Jina hakuna aliyeliuliza.

"Gisubizo. Alikuwa binti."

"Gisubizo wa Cyubahiro wa Rutebuka," alisema Nyirangabo polepole, akimpa mtoto baba yake na babu yake. "Ni mujukuu wangu wa kwanza, na miye ni koko yake. Simama, tumurudishie vitu vyake."

Walivirudisha vyote kabla ya giza, ncha juu, mmoja akichimba na mwingine akifukia. Nyirangabo alilia bila kujificha, na baada ya muda Nabintu naye akalia.

Ijumaa, wakiwa mezani, simu ililia kutoka Louisville. Alikuwa wifi wa Nabintu, akiuliza Mama atakuja lini, kitanda kimeshatandikwa. Cyubahiro alinyoosha mkono aipokee, lakini mkewe alikuwa ameshaiweka sikioni.

"Hapana, wifi," alisema Nabintu. "Koko ya Gisubizo haendi fasi yoyote."

Cyubahiro, ambaye hakuwa amelitamka jina hilo tangu Aprili, aliacha kula. Mama yake alimsogezea maji.