Kura ya Adabu

Claudette Rainville alikuwa na uhakika wa kushinda, na balaa lilianzia hapo. Mgombea mwenye wasiwasi hujipigia kura mwenyewe bila kufikiri mara mbili. Mwenye uhakika ndiye anayepata nafasi ya kujionyesha kuwa ana adabu.

Alikuwa anagombea kiti cha bunge la jimbo kwa chama cha punda. Chama kina jina lake rasmi, lakini huko Pike Hollow, mji mdogo wa Marekani wenye kanisa moja, duka moja na theluji ya miezi mitano, watu walivitaja vyama viwili kwa alama zao, punda na tembo tu, na kila mtu akaelewa. Tembo wao safari hii alikuwa Royce Tuttle, fundi bomba, mtu mwema asiye na makuu. Alikuwa amehamia mjini miaka kumi na miwili iliyopita, kwa hiyo bado aliitwa mgeni.

Claudette hakugombea kwa tamaa ya cheo. Mshahara wa mbunge wa jimbo lile hautoshi hata mafuta ya gari ya kwenda bungeni. Aligombea kwa ajili ya wodi ya wazazi. Hospitali ya karibu ilikuwa imefunga wodi hiyo, na mwaka juzi, mwezi wa Januari, Tammy, binti wa rafiki yake Jolene Cota, alijifungulia ndani ya gari kando ya barabara, Jolene akiwa amebana tochi kwa meno ili mikono iwe huru. Mtoto alipona. Tammy alipoteza damu nyingi, na madaktari wakamwambia hatazaa tena. Muswada wa kurudisha wodi ulikuwa umekwama bungeni tangu hapo, maana tembo ndio waliokuwa na wingi wa viti na walisema fedha hazipo. Punda waliahidi kwamba wakilichukua bunge, huo ndio wataupitisha kwanza.

Ndiyo maana Jolene, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye nyonga mbovu na fimbo, alizunguka mji mzima kwa miezi mitatu. Alikuwa na orodha ya nyumba zote kwenye ubao wa kuandikia, na kila alipobisha na kusema na watu aliweka alama. Alibisha mpaka kwa watu waliokuwa hawasalimiani naye tangu shule. Kwa Claudette peke yake hakubisha, na kwa nini abishe? Huko aliingia kwa mlango wa jikoni miaka thelathini, bila hodi, na kujifunulia sufuria mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hiyo adabu. Marehemu Armand Rainville, baba yake Claudette, alisimamia mikutano ya mji kwa miaka mingi, na wazee wa enzi zake walikuwa na desturi. Wawili wakigombea kazi ya mji, iwe ukaguzi wa nyua au ulinzi wa maktaba, siku ya kura hushikana mikono mlangoni, kisha kila mmoja humpigia mwenzake. Kinyozi hajinyoi. Claudette alipokuwa na miaka tisa alijipigia kura ya kuwa kiranja, akashinda kwa kura moja, akaja nyumbani akirukaruka. Baba yake alimuuliza swali moja tu: "Na wewe ulimpigia nani?" Kesho yake alimpeleka shuleni akaurudishe ukiranja mbele ya darasa zima. Aibu ya siku ile haikumtoka.

Basi Jumanne ya uchaguzi akamkuta Royce mlangoni pa ukumbi wa mji, wakashikana mikono.

"Kila la heri, Royce."

"Na kwako pia, mama. Ila usishinde sana, mke wangu atanicheka."

Claudette akaingia nyuma ya pazia na kalamu yake. Kwenye nafasi ya mwisho, kazi ya wilaya isiyokuwa na mgombea wa maana, ambapo mpiga kura anaruhusiwa kuandika jina lolote, aliandika kwa mkono "Armand Rainville", kama alivyofanya kila uchaguzi tangu baba yake afariki. Ilikuwa njia yake ya kumsalimia. Kisha akarudi kwenye nafasi ya ubunge, akatazama majina mawili, lake na la Royce. Watu wa chama walikuwa wamemwambia atashinda kwa kura mia na kitu. Akalipaka wino duara la Royce.

Tuseme ukweli, haukuwa unyenyekevu. Alikuwa ameshapanga jinsi atakavyomwendea Royce baada ya matokeo, amshike bega mbele ya watu na kumwambia, "Mimi nilikupigia wewe." Kichwani alishawasikia na watu wakisema, yule kweli ni binti wa Armand. Kura ile aliitoa ili asifiwe.

Jioni ile alishindwa kwa kura tatu.

Kushindwa kwa kura tatu huvumilika, lakini mji wao ulikuwa wa mwisho kutoa matokeo. Jimbo zima lilikuwa limegawanyika nusu kwa nusu. Mbunge mmoja mteule alikuwa amefariki wiki ileile na kiti chake kikabaki wazi, na katika viti vilivyobaki punda walikuwa na mia moja tisini na tisa, tembo mia moja tisini na tisa. Atakayeingia kutoka Pike Hollow ndiye atakayeamua spika awe wa nani, na muswada wa wodi uishi au ufe. Punda wakaomba kura zihesabiwe upya.

Zilihesabiwa makao makuu ya jimbo, Concord, kwenye meza ndefu, karatasi moja baada ya nyingine, kwa mkono. Claudette na Jolene walikaa upande mmoja, Royce na wakala wake upande wa pili. Ilipofika saa nne tofauti ilikuwa imeshuka mpaka kura mbili. Saa tano ikawa moja. Jolene alikuwa ameushika mkono wa Claudette na kuukamua kama nguo iliyofuliwa.

Ndipo mhesabuji akainua karatasi moja. "Tuttle," akasema, akaiweka upande wa Royce.

Jolene alikuwa ameiona sehemu ya chini ya karatasi. Akamnong'oneza Claudette, "Hebu ona, kuna mtu bado anamkumbuka baba yako. Kaandika jina lake pale chini." Kisha uso ukamkunjamana. "Anamkumbuka Armand halafu anampigia Royce? Watu wengine hawana haya kabisa. Mzee angefufuka akamchapa."

Claudette aliitambua karatasi yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata alikuwa ameketi pale na koti lake jipya, anatikisa kichwa kama naye anashangaa. Ndiyo, alitikisa kichwa. Baadaye ni kitendo hicho kidogo kilichomnyima usingizi kuliko kura yenyewe.

Karatasi zikaisha. Tuttle mia sita na nne. Rainville mia sita na tatu. Hesabu ya darasa la kwanza ilitosha: angejipigia, zingekuwa mia sita na nne zake, na mia sita na tatu za Royce.

Royce alikuja kumpa mkono, hana hata furaha usoni. "Pole, Claudette. Usiku sikulala. Na sasa najiuliza, je, kama siku ile ningejisahau nisijipigie?"

"Ulijipigia?"

"Sasa nimpigie nani, mama? Si nilikuwa nagombea?"

Mgeni hakujua desturi, na aliyeijua ilimponza.

Jumamosi yake, saa kumi na moja jioni, kanisa liliandaa chakula cha kuwashukuru waliofanya kampeni. Kulikuwa na maharage yaliyookwa kwa sharubati tamu ya utomvu wa miti, mkate mweusi na kachumbari ya kabichi, watu thelathini hivi kwenye meza za chumba cha chini. Claudette alikuwa ametayarisha maneno mawili matatu ya shukrani. Kabla hajafungua kinywa, Jolene alisimama, ameegemea fimbo.

"Nina jambo," akasema. "Jumanne ile saa kumi na mbili jioni Mzee Bisson alinipigia simu nikamfuate huko mlimani aje apige kura. Bado saa moja vituo vifungwe. Nyonga ilikuwa inaniwaka moto. Nikamwambia, Mzee, tumeshashinda, wewe kaa uote moto wako." Akameza mate. "Kura moja ile, jamani, ni yangu mimi. Angepiga yeye, tungelingana, na bado tungekuwa na la kufanya. Tammy nimeshamwambia. Sasa nawaambia ninyi. Nisameheni."

Mzee Bisson, mwenye miaka themanini na nane na masikio ya kubahatisha, akauliza jirani yake amesema nini, akaelezwa, akapaza sauti: "Binti, usilie. Ningeweza kushuka kwa miguu yangu. Uvivu wangu tu."

Watu wakamzunguka Jolene, wakampapasa mgongo, wakamwambia hakuna mwenye kosa. Na Claudette? Claudette naye alisimama akamkumbatia. Alimwambia, "Usijilaumu, mwenzangu," kwa sauti laini kabisa, wote wakasikia, na mama mmoja akasema huyo ndiye mtoto wa Armand hasa. Sifa aliyoitafuta nyuma ya pazia ilikuwa imemfikia. Alitamani sakafu ipasuke immeze.

Alimfuata Jolene jikoni, alikokuwa anasugua masufuria ya maharage kwa hasira.

"Jolene, si wewe."

"Niache. Yashapita."

"Ile karatasi yenye jina la baba. Kule Concord."

"Enhe, ya yule mshenzi. Imefanyaje?"

"Ni yangu."

Jolene aliendelea kusugua kidogo, kisha mikono ikasimama ndani ya maji. "Yako vipi?"

"Niliipiga mimi. Nilimpigia Royce. Ni ile desturi ya wazee, humpigii mtu kura yako mwenyewe... mtu hajipigii. Nilijua tutashinda. Nilitaka nije nimwambie baadaye, basi tu, nionekane mwema."

"Ulikuwa umekaa pembeni yangu," Jolene alisema polepole. "Nikasema hana haya. Ukatikisa kichwa."

"Ndiyo."

"Na sasa hivi, pale ukumbini. Umenikumbatia."

"Ndiyo."

Jolene alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja, hana haraka. Alipozungumza hakupandisha sauti, na Claudette angependelea apigiwe kelele.

"Milango mia sita na arobaini nimebisha mji huu. Penye mbwa wakali nimebisha. Kwa mume wangu wa zamani nimebisha, nikamsihi. Kila nyumba nilisema neno moja, kura yako ina maana. Mmoja tu niliupita, nikaona kule hakuna haja."

"Nisamehe, Jolene."

"Mimi yangu nimeyasema ukumbini, mbele ya watu, nimesimama na mguu huu. Wewe yako unaniletea jikoni?"

Claudette akatazama mlango wa ukumbini. Alikuwa na miaka tisa tena, ameshikwa mkono, anapelekwa mbele ya darasa. Tofauti ni kwamba safari hii baba yake hakuwepo wa kumshika mkono, na alilokuwa anakwenda kulikiri ni lile lile alilomfundisha yeye.

Alikwenda, akasema. Aliyasema yote, hata la kutikisa kichwa, hata la kumkumbatia Jolene. Hakuna aliyempapasa mgongo. Mtu mmoja alivaa kofia akatoka. Tammy, aliyekaa karibu na mlango na mtoto mapajani, alimtazama mpaka mwisho, kisha akaanza kumvalisha mtoto koti, mkono mmoja, na wa pili. Mzee Bisson akauliza amesema nini, na safari hii jirani yake hakumweleza.

Januari bunge lilifunguliwa, tembo wakaweka spika wao, na muswada wa wodi ukatupwa kwenye kamati aliyoijaza watu wake, ukafie huko. Royce, mjumbe wa kamati hiyo, aliupigia kura ya ndiyo, peke yake upande wake, na haikusaidia kitu.

Jumapili moja ya mwezi huo Claudette alikuwa jikoni anamenya viazi aliposikia mlango ukigongwa. Mlango wa mbele, ule usiotumika. Alifuta mikono akaenda kufungua, ikabidi ausukume kwa bega kwa sababu ya barafu. Jolene alikuwa amesimama kwenye theluji na fimbo yake, chini ya kwapa ana bakuli la udongo ambalo Claudette alilisahau kanisani.

"Hujambo," Jolene akasema.

"Sijambo. Pita ndani, kuna baridi. Mbona umezungukia huku? Mlango wa jikoni uko wazi."

"Hapana, nina haraka. Nimekuletea bakuli lako."

Akampa, akageuka. Claudette alibaki kizingitini akimtazama anavyoshuka ngazi moja moja kwa ule mguu mbovu, akajua hawezi kumwomba arudi. Theluji ya kwenye ngazi hizo hakuwa ameizoa, maana miaka thelathini hakuna aliyepita huko.