Kupeleka Nyuki Kasigau

Dinah Wakesho alifunga milango ya nyuma ya gari, akaweka sikio kwenye bati. Ndani, mizinga ya nyuki ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumza chumba cha pili.

"Wako sawa," alisema Mwandawiro. "Kelele ikipanda, hiyo ni joto. Nyuki wakipata joto humo ndani nta inayeyuka na wao wanakufa. Kwa hivyo tufike Kasigau kabla jua halijakuwa kali."

Mwandawiro alikuwa amefuga nyuki Sagalla tangu ujana wake. Jioni iliyotangulia aliziba milango ya mizinga kwa wavu, nyuki wote wakiwa wamerudi. Walikuwa wanapelekwa kwa mkulima mmoja Kasigau, mama aliyeitwa Ndulu, ambaye tembo walikuwa wamemlia mahindi misimu miwili mfululizo. Mizinga ingetundikwa kwenye waya kuzunguka shamba lake, kwa sababu tembo akisikia nyuki hugeuka akakimbia.

Gari lilikuwa la chama chao cha wafugaji wa nyuki, nalo lilikuwa jipya mikononi mwao. Mbele lilikuwa na kamera na sensa za kulifanya lishike breki lenyewe likiona hatari, na nyuma lilikuwa na loki ya difu, ile inayofunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa pamoja. Dinah, aliyekuwa ameendesha magari ya mizigo miaka mingi, alilipeleka kwanza kwenye uwanja mtupu nje ya Voi, akajaribu kila swichi mpaka vidole vikaizoea.

"Nasikia hujishikia breki," Mwandawiro alisema akifunga mkanda. "Hebu izime hiyo kitu. Likishika ghafla mizinga yote itanijia mgongoni."

"Sizimi, mzee. Mizinga nimeikaza mikanda kila safu. Na nitaendesha vile halitapata sababu ya kushika."

Mwandawiro alinung'unika kitu kwa Kidawida.

Kwenye barabara kuu ya Mombasa malori yalikuwa yamefuatana. Dinah aliwasha mfumo wa kufuata gari la mbele, akauweka uache nafasi kubwa kabisa, mikono yote ikiwa kwenye usukani. Kabla ya Maungu, pikapu ya mboga ilijichomeka ghafla katika nafasi hiyo. Gari likapunguza mwendo taratibu. Nyuma hakuna kilichosogea.

"Huyo ni wewe ama ni gari?" aliuliza Mwandawiro, mkono wake umeng'ang'ania mlango.

"Ni gari. Lakini mguu wangu ulikuwa hapo juu ya breki unangoja."

Mwandawiro alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Maungu waliacha lami. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ya udongo mwekundu ilikuwa imeloa. Dinah alizima ule mfumo wa kufuata gari la mbele. Huku hakukuwa na mistari ya kusoma wala foleni ya kufuata. Haukupita muda tope likaruka hadi kwenye bampa, na taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi.

"Ni nini hiyo?"

"Sensa imezibwa na matope. Sasa macho ni yangu peke yangu." Akapunguza mwendo.

Walipofika kwenye korongo, Dinah alisimamisha gari, akavua viatu, akaingia majini na fimbo. Maji yalimfika kwenye vifundo vya miguu na chini mchanga ulikuwa mgumu. Shida ilikuwa ng'ambo, kwenye mwinuko wa tope ambao wangelazimika kuupanda.

"Tunapita," alisema aliporudi. "Maji yangefika magotini tungegeuka."

Walivuka bila taabu. Katikati ya mpando, gurudumu moja la nyuma likaanza kuzunguka bure. Dinah aliondoa mguu kwenye mafuta papo hapo.

"Kanyaga!" Mwandawiro alisema.

"Nikikanyaga litajichimbia kaburi."

Gari lilikuwa limesimama kabisa. Alinyoosha usukani, akabonyeza swichi ya loki. Taa ya rangi ya chungwa ikamweta, kisha ikatulia. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge mtu akishika breki, nayo ikawaka, na alilijua hilo: loki ikishika, breki hazina ule usaidizi wake, ndiyo maana hapo mtu huenda kwa mwendo wa konokono. Akaweka gia ya kwanza, akakanyaga kidogo sana. Magurudumu yakauma tope kwa pamoja, gari likapanda, polepole, bila kuyumba, hadi kwenye ardhi kavu.

Hapo Dinah alibonyeza swichi tena kuifungua loki. Taa haikuzimika.

Mbele yao barabara ilikata kona kali kuzunguka mwamba, na upande wa kulia kulikuwa na bonde la mmomonyoko lenye kina. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Nyuma, ngurumo ya nyuki ilipanda, ikawa nyembamba na yenye hasira.

"Unasikia?" Mwandawiro alisema. "Twende, Dinah! Twende!"

"Loki bado imeshika. Nikiikata ile kona hivi, kwenye ardhi ngumu, gari litakataa kupinda. Litatupeleka moja kwa moja bondeni."

"Nyuki wangu wanakufa hapa!"

Dinah alizisikia kelele zile vizuri kama Mwandawiro. Lakini alivuta breki ya mkono, akazima injini.

"Mzee, mimi nina kazi yangu na wewe una yako. Gari halisogei sasa. Shuka uwape maji."

Mwandawiro alivaa wavu wake usoni na kushuka. Alifungua milango ya nyuma upepo uingie, akanyunyiza maji juu ya nyavu za mizinga, mmoja baada ya mwingine, akiwabembeleza nyuki kwa Kidawida. Ngurumo ikashuka.

Mwandawiro alipofunga milango na kurudi kwenye kiti chake, Dinah aliwasha injini. Alitazama vioo, akarudi nyuma kidogo kwa mstari ulionyooka ili loki ipate kulegea, akasimama, akaenda mbele, akarudi tena. Chini yao kitu kikalia *tak*. Taa zote mbili zikazimika.

"Imeachia," alisema, na gari likaikata kona bila kukataa.

Ndulu alikuwa amewasubiri kando ya shamba, kanga imefungwa kiunoni, nyayo za tembo za jana zikionekana karibu na uzio wake. Kwa kuwa kamera ya kurudishia gari nyuma ilikuwa imejaa tope, ni yeye aliyesimama pembeni, mahali Dinah alipomwona vizuri kiooni, akaliongoza gari kati ya nguzo kwa mikono. Walitundika mizinga kabla ya joto la mchana. Mmoja ulikuwa umevunjika masega ndani na asali ikawalowesha nyuki wengi. Mwandawiro aliuchungulia, kisha akautundika chini ya mti wenye kivuli, huenda waliobaki wakajijenga tena.

Tembo walirudi siku chache baadaye. Ndulu alipiga simu akisema wameigusa waya, mizinga ikatikisika, nao wakakimbia wakipiga kelele kuelekea porini. Mahindi yalibaki yamesimama. Majirani zake nao walitaka mizinga.

Mwandawiro alikuja kwa Dinah na habari hizo siku iyo hiyo.

"Chama kinauliza nani ataendesha safari ijayo," alisema. "Nimewaambia mimi sipandi gari likiendeshwa na mtu mwingine."

"Basi anza kutayarisha nyavu," Dinah alimwambia, akachukua ndoo na kitambaa akaenda kuosha sensa.