Mfumo Mwepesi

Kompyuta ya fundi mshonaji ilikuwa kuukuu hasa. Ukiiwasha asubuhi, unatandika kitanda, unafagia chumba, unakunywa chai, na bado kile kiduara kinazunguka tu. Lakini ndani yake ndimo ilimokuwa kazi ya maisha yake: michoro ya nguo alizobuni mwenyewe, magauni, makoti, sare, kila kola na kila pindo, tangu alipokuwa anajifunza cherehani. Na sasa kiwanda kimoja cha nguo kilikuwa kinatafuta mbunifu. Kilimwita aje na kazi zake wazione.

Mumewe, karani wa ghala la vipuri, alicheka mpaka akashika mbavu. "Utakwenda na jiwe hilo? Si watafunga ofisi kabla halijawaka?"

Fundi akachukua mtandio wake. Alikwenda kwa rafiki yake mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akarudi na flashi.

"Shoga, mashine yako haijafa, imeelemewa tu," rafiki alikuwa amemwambia. "Humu nimekuwekea mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, wa bure. Iwashie kwenye flashi kwanza, ujaribu. Ukiupenda, ndipo uuweke moja kwa moja. Ila pale kwenye maswali soma vizuri."

"Maswali yenyewe Kiingereza?"

"Si unaye mtaalamu nyumbani?"

Ni kweli, mumewe alijisifu kwa Kiingereza chake kila penye watu. Fundi mwenyewe alikuwa anaokoteza maneno mawili matatu.

Alipoiwashia kwenye flashi, kompyuta iliamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Alifungua folda ya michoro, ikafunguka papo hapo, koti baada ya koti, bila kusubiri. Akapiga makofi peke yake kama mtoto. Mumewe akaja kuchungulia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuitazama michoro ile kwa makini.

"Hii yote yako?"

"Yangu."

"Na ukiipata hiyo kazi, utakuwa unarudi saa ngapi?"

"Jioni, kama wewe."

Mume akarudi kwenye kiti chake. Fundi akaanza kuuweka mfumo moja kwa moja, mpaka likatokea swali lenye majibu mawili ya kuchagua. Akamwita mumewe. Mume akasimama nyuma yake, akamwekea mkono begani, akasoma. Akarudia kusoma, midomo ikichezacheza.

"Linasemaje?"

"Linauliza kama unataka mfumo mpya ukae kwenye kompyuta."

"Na hili la pili?"

"Hilo ni la wenye kompyuta mbili. Bonyeza la kwanza."

Akabonyeza. "Na hapa tena?"

"Hapo wanauliza kama una hakika." Kisha akamwinamia, sauti yake ya upole kabisa. "Una hakika, mke wangu?"

"Ndiyo," akasema fundi, akabonyeza.

Mfumo ulipomaliza kujipanga, kompyuta ilikuwa nyepesi kama unyoya, na tupu. Fundi alitafuta folda yake hapa na pale, asiione. Mumewe akamletea chai. Akampapasa mgongo. "Pole, mama. Mashine kuukuu ndivyo zilivyo." Fundi akalia kifuani pake.

Kesho yake rafiki alijaribu kuifufua michoro. Alichopata ni vipandevipande: mikono isiyo na mabega, nusu ya kiuno, vifungo visivyo na shati.

"Kwani ulibonyeza nini, shoga?"

"Alichoniambia."

Rafiki akachomeka flashi upya, akashuka kwenye orodha ya lugha mpaka chini kabisa, akachagua Kiswahili. Fundi hakujua kwamba kimo humo. Wakafika kwenye swali lile lile, na safari hii alilisoma mwenyewe. *Futa diski yote. Faili zako zote zitapotea.* Chini yake: *Weka mfumo mpya bila kugusa faili zako.*

Rafiki akageuka, akajifanya anapanga karatasi.

Mume alikuwa anavua viatu fundi alipoingia.

"Ulisoma."

"Nilisoma."

"Na ulielewa."

"Kiingereza kimeanza lini kunipiga chenga?"

"Sasa kwa nini?"

Mume alivua soksi moja, akaikunguta. "Ungeipata ile kazi," akasema. "Na nilikuuliza kama una hakika. Nani alisema ndiyo?"

Kiwandani alikwenda hivyo hivyo, na kompyuta yake. Bosi, mama mmoja mwenye miwani, alisifu kasi ya kompyuta, halafu akauliza mbona haina kitu. Fundi akaomba karatasi achore pale pale. Kola ya koti, aliyoichora mara nyingi akiwa amefumba macho, ikamkatalia. Aliifuta, akaichora, akaifuta, mpaka karatasi ikatoboka. Wakamshukuru kwa kufika.

Siku hizi mumewe akitoka kazini, anaikalia kompyuta na kutazama mpira. Fundi anakuwa kwenye cherehani, anapunguza suruali za watu. Jana mume alimwita kwa furaha ya kweli: "Mke wangu, hebu acha hiyo kazi, njoo uone inavyokimbia!"

Fundi akakata uzi kwa meno. Akainuka, akaenda kusimama nyuma yake, akatazama.