Kumwita Tek-hui Arudi Huwei

Khoo Kim-tsi alikuwa na miaka themanini alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, akaenda zake Rabaul, mji wa kisiwani mbali kusini mwa Taiwan, kumchukua kaka yake. Kaka mwenyewe, Tek-hui, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari cha Huwei, hadi Wajapani, waliokuwa wakiitawala Taiwan siku zile, walipomvisha magwanda na kumpakia melini. Malaria ikammaliza huko mwaka 1944. Nyumbani kilirudi kisanduku chenye kucha na nywele zake, na hicho ndicho walichozika.

Miaka zaidi ya sitini baadaye, chama cha familia za wanajeshi kikaandika barua: kaburi lake limeonekana, katika shamba la minazi la mzee mmoja wa huko. Bun-hiong, mwana wa Kim-tsi, dereva wa basi mstaafu, alimshauri mama yake waombe picha, iwatoshe. Mama akamuuliza kama yeye akiona njaa hutosheka na picha ya wali. Bun-hiong akaenda kushughulikia pasipoti.

Walifuatana na Bwana Liau, kuhani wa hekalu la mtaani kwao, ambaye kazi yake ilikuwa kuita roho za waliofia mbali. Mifupa hubaki ilipo. Kinachorudishwa ni roho, ikiwa imekaa kwenye kibao cha mbao.

Walilikuta kaburi safi. Mwenye shamba, mzee ToPirit, alikuwa akilifyeka tangu ujana wake, kwa sababu baba yake alimwachia kazi hiyo bila maelezo. Kwenye saruji palichongwa jina la Kijapani alilopewa Tek-hui jeshini. Kim-tsi alilitazama kidogo, akalifunika kwa kitambaa, akapanga juu yake kuku wa kuchemsha, machungwa na sigara.

Bwana Liau akawasha udi, akamwita Khoo Tek-hui wa Huwei, akamwambia dada yake amekuja kumchukua. Kisha akarusha chini vipande viwili vya mti, kila kimoja bapa tumboni na mviringo mgongoni. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote vililala kifudifudi.

Akaita tena, vikalala vilevile. Akajaribu lile jina la Kijapani, shingo upande; safari hii vyote vikalala chali, maana yake marehemu anacheka. Saa nzima ikapita hivyo. Kuku akaanza kupata nzi. Bwana Liau akajifuta jasho, akauliza kama kijana hakuwa na jina jingine.

Kim-tsi aliangalia minazi.

"Lipo," akasema.

"Basi litaje, bibi."

"Si la kutajwa mbele ya watu."

"Mama, watu wenyewe hawajui Kitaiwan."

"Wewe unakijua."

Ikabidi aeleze. Kabla ya Tek-hui, mama yao alizika watoto wawili wachanga. Wa tatu akampa jina la nyumbani ambalo hakuna pepo angejisumbua kumchukua mwenye nalo. Asubuhi ya kuondoka kwake, stesheni ilijaa bendera na tarumbeta, na Kim-tsi, mwenye miaka kumi na mmoja, akaogopa kwamba kaka hatamwona. Akapaza sauti akamwita kwa jina hilo. Behewa zima la askari likaangua kicheko. Tek-hui akapanda bila kugeuka.

Baada ya kusema hayo akakaa chini kando ya kaburi, akashika saruji.

"Mavi ya Ng'ombe," akasema taratibu. "Ni mimi. Siku ile nilikuwa mtoto. Twende nyumbani."

Bwana Liau akarusha. Chali na kifudifudi. Akarusha mara mbili zaidi kwa uhakika, jibu likawa lilelile.

ToPirit alitaka kujua mama amesema neno gani. Bun-hiong akamweleza, kupitia kwa dereva mwenyeji aliyewaleta, kwamba ni cheo cha jeshini. Mzee akavua kofia.

Roho ikiwa safarini sharti iambiwe kila kitu isije ikapotea njia. Kim-tsi alimtangazia kaka yake kila mlango, kila ngazi, ndege zote. Lakini walipofika Taiwan na kukodi gari la kwenda Huwei, usingizi ulimshinda, kibao kikiwa mapajani. Bwana Liau alikuwa akikoroma tangu uwanja wa ndege. Akabaki Bun-hiong.

"Mjomba," akasema, huku akimchungulia dereva kwa aibu, "tunavuka daraja."

Baada ya daraja la Xiluo hapakuwa na cha kutangaza, ila aliona si adabu kukaa kimya na mgeni. Akamwambia mjomba kwamba kiwanda chake bado kinasaga miwa, majira ya baridi tu. Kisha akamweleza habari za goti lake: daktari anataka kulipasua mwezi ujao, na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, anaogopa. Hilo alikuwa hajamwambia mtu yeyote.