Jiwe la Sylvanus

Mume wangu Sylvanus alibeba ndizi kutoka Akheri kwa lori kuukuu, la jeshi zamani. Breki zilivuja upepo, na tajiri mwenye lori hakuzitengeneza. Kwa hiyo kila aliposimama mlimani, Sylvanus aliruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi. Watu walimsifu, ati anajua kuishi na gari bovu. Siku moja lori lilirudi nyuma akiwa bado ameinama.

Tulimzika migombani, nyuma ya nyumba. Sikulia.

Leo amekuja dereva mpya na lori lile lile. Nilisikia upepo ukivuja kabla sijamwona.

“Pole, mama. Samahani, lile jiwe lake liko wapi?”

Nikamwonyesha kaburini, tulikoliweka tukisubiri msalaba. Alivua kofia kwanza, ndipo akalichukua.