Thelathini Juu ya Barafu

Endel alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu na leseni ya miezi kumi na minne. Miaka yote mkewe Maimu ndiye aliyeshika usukani. Alipofariki, Endel akaenda kujifunza udereva, akakaa darasani na vijana wenye chunusi.

Sasa kisiwa chao kilitafuta dereva wa basi dogo la wazee. Walioomba walikuwa wawili: yeye na Kairi, binti wa dada yake, mwenye miaka ishirini na minne, aliyesambaza mikate kwa gari tangu akiwa na miaka kumi na minane. Arvo, mkuu wa kisiwa, alisema wazee watatulia zaidi wakiendeshwa na mtu mwenye mvi. Ila kwanza Endel avuke barafu hadi bara na kurudi, Kairi akiwa pembeni.

Bahari ilikuwa imeganda vya kutosha, na njia ya magari juu yake ilifunguliwa Jumatatu. Endel hakulala vizuri. Kwenye kizuizi cha kuingilia barafu mlinzi aliinama dirishani, akamtazama kifuani, akamuuliza kama anataka kuzama akiwa amefungwa vizuri. Endel akafungua mkanda wa usalama, uso ukimwaka. Tangu utotoni alijua kwamba juu ya barafu mkanda haufungwi, ili mtu aweze kuruka nje gari likizama. Lakini mkono ulikuwa umefuata mafunzo ya darasani. Kairi alitazama nje, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Kilomita ya nane, ufa mweusi ulikatiza njia, maji yakimeta juu yake. Endel alikuwa kwenye mwendo wa kilomita hamsini kwa saa. Mguu ukaachia mafuta wenyewe.

"Mjomba, uko thelathini."

"Naona."

"Basi usikae hapo. Ama ishirini, ama hamsini. Hapo katikati tunasukuma wimbi chini yetu, litapasua barafu."

Hilo nalo alilijua, na kibao cha pale kwenye kizuizi kilikuwa kimelisema. Mshale wa mwendo ukabaki palepale, na mguu haukusogea. Alitaka kusimama ampe Kairi usukani, lakini kusimama kulikuwa kubaya zaidi. Barafu ikalia, mlio mrefu kama waya unaovutwa.

"Gusa breki," Kairi alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Usikanyage, gusa. Hapo. Sasa nyoosha, tairi zipite ufa kwa pamoja."

Wakapita. Maji yakapiga chini ya gari. Baada ya muda Endel akamuuliza Kairi yeye hufanya nini akiogopa.

"Naisemesha mikate."

Walipofika bara shati la Endel lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Arvo akapiga simu kuuliza mambo yamekwendaje. Kairi alitazama baharini. Endel akajua kwamba binti huyo hatasema neno, hata yeye Endel akidanganya.

"Kazi mpe Kairi," alisema.

Arvo akabisha kwamba wazee hawatamkubali mtoto.

"Mtoto ni mimi. Nina miezi kumi na minne."

Akakata simu, akamnyooshea Kairi funguo. Hakuzipokea.

"Kurudi ni zamu yako pia, mjomba. Wanafunga njia jua likizama."

Endel akalizunguka gari mara mbili, akipiga tairi teke moja moja kana kwamba anazikagua. Kisha akaingia upande wa usukani.