Presha ya Shemeji

Dhuluma za kiwanda kile cha sabuni nazikumbuka zote, na nimezisema kwenye mikutano hadi koo likakauka. Hili moja sijawahi kulisema.

Uongozi ulitangaza: atakayekutwa na presha ya juu haendeshi tena boila. Chumba cha kupimia wakakiweka ghorofa ya tatu. Mtu anafika juu anahema, moyo unamdunda, anapimwa papo hapo huku mkono unaning'inia. Nilikuwa nimejisomea vitabu vya afya. Nikapanda juu ya pipa nikafoka: "Ukipanda ngazi, moyo lazima usukume damu kwa nguvu! Mpeni mtu kiti, dakika tano, mkono uwe mezani!" Tukagoma siku mbili. Viti vikaletwa. Wenzangu wakanibeba mabegani, nami nikaota mapembe.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa ameendesha boila miaka kumi na tisa, na presha alikuwa nayo kweli. Kiti kisingemwokoa. Asubuhi ya kupimwa nikamwambia, "Leo meza vidonge viwili."

"Daktari kasema kimoja, shem."

"Dawa inalegeza mishipa, damu inapita kwa raha. Viwili vitalegeza zaidi. Au unataka waseme nimepiga kelele bure?"

Akacheka. "Haya, profesa. Nikifa utanilelea wanangu, na wale wanakula kama wamekodishwa."

Akapimwa amekaa: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Chumba kizima makofi! Shemeji akachomoka kwenye kiti, mikono juu kama bingwa. Sasa, mtu akisimama damu hushukia miguuni. Mishipa hujikaza chapuchapu na moyo huongeza mwendo, ili kichwa kisikose damu. Yake ilikuwa imelegea. Niliilegeza mimi. Akaanguka, mdomo ukagonga kona ya meza, jino likatoka.

Muuguzi akamwinulia miguu juu ya kiti kilekile tulichokipigania. Alipozinduka, akamuuliza, "Umemeza vingapi leo?"

"Viwili, sista."

"Nani kakwambia?"

Shemeji akanitazama. Wenzangu wote walikuwa wamesimama pale. Sauti yangu ilikuwa ya kusikika hadi getini. Nikaangalia viatu vyangu.

"Nimejichanganya mwenyewe," akasema.

Wakamwachisha kazi kwa barua ya mistari mitatu: mzembe, hawezi kuaminiwa kuendesha boila. Nikaitisha mkutano kumtetea, nikahutubia saa nzima juu ya unyama wa matajiri. Alinisikiliza akiwa nje ya geti, kafunika pengo kwa kiganja. Nilipomaliza akanishika mkono.

"Umeongea vizuri, shem. Dada yangu nimemwambia ni uzembe wangu. Akikuuliza, mwambie hivyohivyo."

Jioni ile mke wangu aliniuliza. Nikamwambia hivyohivyo.